Kwa nini mabeki warefu huchelewa kuiva: jibu kwa dada wa Dandenong

Swali: Kocha, salamu. Sisi ni familia ya Kikenya, tunaishi Dandenong hapa Melbourne. Mume wangu na kaka yake hawamalizi wikendi bila kubishana kuhusu Mac Andrew, yule beki mrefu wa Gold Coast Suns, timu ya mpira wa Australia. Mume wangu anasema kijana amepambwa na magazeti: mechi nzima anagusa mpira mara kumi na moja, na akikosea hesabu mara moja tu, goli. Shemeji yangu naye anaapa kwamba atakuja kuwa beki bora Australia nzima. Mimi yasingenihusu, ila mdogo wangu wa kiume ana miaka 17, ana urefu wa sentimita 196, anacheza mpira huohuo, na kila anachosemwa Mac Andrew anakisikia kama kinasemwa juu yake. Nani ana haki? Na mtu anajuaje kama kijana bado anakua au ndiyo amefika mwisho wake?

Jibu: Dada, salamu zimefika. Huyo mdogo wako amenikaa moyoni kuliko Mac Andrew mwenyewe, kwa hiyo nitajibu yote mawili, na sitafupisha.

Nianze na mume wako, maana hajaongopa. Mac Andrew kweli hagusi mpira mara nyingi, na makosa yake kweli huonekana uwanja mzima. Tatizo ni mizani anayotumia. Amemweka kijana kwenye mizani ya viungo, watu wanaokimbia kutwa nzima nyuma ya mpira na kumaliza mechi wameugusa mara thelathini.

Kwa wasomaji ambao hawakukulia kwenye mchezo huu: mpira wa Australia huchezwa na watu 18 kila upande, kwenye uwanja wa umbo la yai unaoweza kufika urefu wa mita 185. Mpira nao una umbo la yai. Kila upande una milingoti minne. Ukiupiga mpira ukapita kati ya ile miwili ya katikati ni pointi 6, ukipita pembeni yake ni pointi 1. Hakuna kuotea. Halafu kuna kanuni moja inayoufanya urefu uwe mali: mchezaji akiudaka hewani mpira uliopigwa kwa mguu na kusafiri angalau mita 15, anapewa nafasi ya kupiga bila kubughudhiwa na mtu. Mshambuliaji mrefu akidaka mita 30 mbele ya milingoti, mara nyingi hilo ni goli. Beki mrefu yupo pale ili huyo bwana asidake.

Sasa itazame kazi hiyo vizuri. Siku ambayo beki ameifanya sawasawa, mshambuliaji wake hapigiwi mpira kabisa. Wapinzani wameinua macho, wamemwona beki amesimama pale panapotakiwa, wakapeleka mpira kwingine. Hakuna daftari la takwimu linaloandika mpira ambao haukupigwa. Na hata mpira ukija, mara nyingi kazi yake ni kuupiga ngumi ukaanguke mbali, jambo ambalo haliingii kwenye hesabu ya mipira aliyoishika. Ndiyo maana beki anaweza kugusa mpira mara kumi na moja akawa ameokoa mechi, na siku nyingine akaugusa mara ishirini huku mtu wake amefunga magoli manne.

Kuna kulinganisha kumoja ambako nadhani ndiko kunakowasha moto nyumbani kwenu. Mac Andrew aliingia ligi kuu, AFL, kupitia drafti ya mwaka 2021, ile siku klabu zinapochagua vijana wa miaka 18 kwa zamu. Alitajwa wa tano. Aliyetajwa wa nne, mbele yake tu, ni Nick Daicos wa Collingwood. Daicos ni kiungo. Mwaka uliofuata, 2022, akatwaa tuzo ya chipukizi bora wa ligi, na 2023 akawa bingwa na timu yake. Mashabiki wakaona majina mawili yamefuatana kwenye orodha, wakataka na maisha yafuatane. Mwaka huohuo wa 2022 Mac Andrew alikuwa anacheza zaidi kwenye kikosi cha pili, kwenye ligi ya VFL. Wengi walishamhukumu hapo.

Lakini kiungo wa urefu wa kawaida akifika miaka 18 mwili wake unakaribia kukamilika. Mtu wa mita mbili bado kabisa, na hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo alipo mdogo wako.

Mifupa hutangulia. Kijana anaweza kurefuka sentimita nane, tisa, kumi kwa mwaka, na misuli ikabaki nyuma. Katikati hapo anakuwa na mikono mirefu asiyoijua bado. Mpira aliokuwa anaudaka akiwa na miaka 14 unamponyoka akiwa na 16, kwa sababu mkono umeongezeka na kichwa bado kinakumbuka ule wa zamani. Watu wakiona hivyo husema ameshuka kiwango. Hajashuka. Anajifunza upya mwili ambao hakuwa nao mwaka jana.

Halafu kuna mapambano yenyewe. Kanuni inakataza kumsukuma mtu mgongoni kwa mikono. Beki analinda nafasi yake kwa nyonga, kwa bega, kwa jinsi alivyokita miguu. Hebu mfikirie kijana wa miaka 19, mwembamba kama alivyoingia Mac Andrew, ameachiwa mshambuliaji kama Jeremy Cameron wa Geelong, ambaye amepigana vita hivyo hewani tangu 2012. Wote wawili wanaweza kuruka sawa. Kinachoamua ni sekunde moja kabla ya kuruka, pale mmoja anapomwegemea mwenzake taratibu na kumtoa mahali pake. Huwezi kumfundisha kijana hilo kwa maneno. Linataka kilo ambazo bado hana, na kilo hizo haziharakishwi. Akijazwa misuli kabla mifupa haijakomaa, magoti na miguu ndivyo vinavyolipa.

Na juu ya mwili kuna kusoma mchezo. Beki wa kisasa hakai tu mgongoni mwa mtu wake. Anatakiwa ajue ni wakati gani amwache, akimbilie mpira unaomwendea mtu mwingine na kuukata hewani. Akiukata, timu yake inageuza mashambulizi pale pale. Akichelewa nusu hatua, mtu aliyemwacha yuko peke yake mbele ya milingoti. Uamuzi huo anaufanya mpira ukiwa bado mguuni mwa mpigaji, mita 50 au 60 kutoka alipo. Anaangalia mpigaji amejipangaje, anatumia mguu upi, upepo unavuma wapi, na mtu wake ameanza kukimbia kuelekea wapi. Mac Andrew ana kipaji cha hali ya juu katika hilo. Nimewaona mabeki wengi wakiufuata mpira. Yeye mara nyingi anakuwa ameshafika unapokwenda. Makosa anayoyapigia kelele mume wako yanatoka kwenye chemchemi hiyohiyo: anajiamini kwamba atafika, anamwacha mtu wake mapema, na siku nyingine hafiki.

Tazama wengine waliopita njia hii.

Adam Goodes alichaguliwa na Sydney Swans mwaka 1997 akiwa jina la 43. Msimu mzima wa 1998 hakucheza hata mechi moja ya kikosi cha kwanza. Mwaka 1999 akawa chipukizi bora wa ligi, kisha akatwaa nishani ya Brownlow, tuzo ya mchezaji bora wa msimu, mara mbili: 2003 na 2006. Kama mashabiki wangefunga hesabu mwishoni mwa 1998, wangeandika sifuri.

Max Gawn wa klabu ya Melbourne, mwenye urefu wa sentimita 208, alikuwa wa 34 mwaka 2009. Goti lilimsumbua mapema, akafanyiwa upasuaji, akapotea, akarudi. Aliingia kwenye timu ya nyota wa nchi nzima kwa mara ya kwanza mwaka 2016, miaka saba baada ya kuchaguliwa. Mwaka 2021 alikuwa nahodha Melbourne walipotwaa ubingwa waliousubiri tangu 1964.

Na huyu wa tatu namtaja kwa ajili ya familia yako. Aliir Aliir alizaliwa mwaka 1994 kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kule Turkana, kwa wazazi waliokimbia vita Sudan. Alifika Australia akiwa mtoto. Sydney walimchukua mwaka 2013 akiwa wa 44. Msimu wa 2014 hakucheza ligi kuu, wa 2015 pia hakucheza, akaanza 2016. Mwishoni mwa 2020 akahamia Port Adelaide, na msimu wake wa kwanza tu huko, 2021, akachaguliwa kwenye timu ya nyota wa nchi kama beki. Alikuwa anakaribia kutimiza miaka 27. Majak Daw, mtoto wa Khartoum aliyeingia kwenye ligi na North Melbourne mwaka 2013, ndiye aliyewafungulia mlango vijana wa asili ya Sudan. Aliir akaonyesha kwamba ukishaingia unaweza kukaa na kuwa miongoni mwa walio bora. Mac Andrew alizaliwa Misri mwaka 2003 kwa wazazi kutoka Sudan Kusini, na amekuta njia imeshakanyagwa.

Lakini sitaki umwambie mumeo kwamba kila mrefu akisubiriwa huiva. Si kweli, na atakuletea jina ambalo kila shabiki wa Melbourne analijua: Jack Watts.

Watts ndiye kijana ninayemfikiria kila nikisikia mabishano ya aina yenu. Melbourne walimchagua wa kwanza kabisa nchini mwaka 2008. Wa pili alikuwa Nic Naitanui, mtoto wa familia ya Kifiji, aliyekwenda West Coast. Juni 2009, Watts akiwa na miaka 18 na bado mwanafunzi wa sekondari, alipangwa kwa mara ya kwanza kwenye mechi ya sikukuu ya Malkia dhidi ya Collingwood, moja ya siku zenye watu wengi zaidi kwenye uwanja wa MCG. Alipougusa mpira mara ya kwanza, wachezaji kadhaa wa Collingwood walimrukia kwa pamoja, wakamkandamiza chini. Picha ile ilirudiwa miaka. Mtoto alikuja kuonyeshwa kwa watu kama zawadi ya sikukuu, na watu wakamhukumu kwa siku hiyo moja karibu maisha yake yote ya mpira.

Baada ya hapo yakafuata mambo ambayo mashabiki hawayahesabu. Miaka yote aliyokaa Melbourne alipita mikononi mwa makocha sita, ukijumlisha wa muda. Timu ilikuwa dhaifu kiasi kwamba Julai 2011 ilifungwa na Geelong kwa tofauti ya pointi 186, na kocha akafukuzwa. Watts alichezeshwa mbele, akapelekwa pembeni, akarudishwa nyuma, akasaidia hata kazi ya raki, yule mrefu anayegombea mpira unaporushwa juu. Kila kocha mpya alikuja na kazi mpya na lawama mpya. Mwaka 2016 alipotulia mbele akafunga magoli 38, na sikukuu ya Malkia mwaka 2017, uwanja uleule, dhidi ya Collingwood walewale, ni yeye aliyefunga goli la kuwashinda dakika za mwisho. Kisha akaenda Port Adelaide, akastaafu 2019 akiwa amecheza mechi 174.

Mechi 174 za ligi kuu si kushindwa. Vijana wengi wanaoingia kwenye drafti hawafiki hata mechi 50. Lakini muulize shabiki yeyote, atakwambia Jack Watts alipoteza kipaji. Mimi nasema kipaji chake hakikupewa mahali pa kukaa. Na hiyo ndiyo tofauti ninayoitafuta kwa kila kijana ninayeulizwa habari zake: hospitali ikibadilisha daktari na dawa kila mwezi, hutamlaumu mgonjwa kwa kutopona.

Tukirudi kwa Mac Andrew, Gold Coast wamefanya jambo moja sahihi. Aliwafikia kama raki na mshambuliaji kutoka Dandenong Stingrays, timu ya vijana ya huko huko kwenu. Klabu ya Melbourne ndiyo iliyomlea kwenye akademia yake, lakini kanuni ya mwaka 2021 haikuiruhusu kumdai kijana wa akademia ya aina hiyo akitajwa ndani ya 20 wa kwanza, kwa hiyo wakampoteza. Gold Coast hawakumkimbiza. Wakampa muda kwenye kikosi cha pili, wakamgeuza beki, na walipomweka kikosi cha kwanza wakamweka karibu na Sam Collins, mtu mzima anayejua kubanana na washambuliaji wazito. Collins akichukua mzito, kijana anapata nafasi ya kusoma mpira na kuukata. Yaani amepewa kazi inayotumia kile alichonacho tayari, huku kile asichonacho kikisubiri mwili. Alipokuja kocha Damien Hardwick kwa msimu wa 2024, aliyekuwa ameshatwaa ubingwa mara tatu na Richmond, kazi ile haikubadilishwa kuanzia mwanzo. Msimu wa 2025 klabu hiyo, iliyoingia kwenye ligi mwaka 2011, ikafika hatua ya fainali kwa mara ya kwanza katika historia yake, na ikaishinda Fremantle kule Perth kwa pointi moja.

Ndiyo maana pia sikushangaa waliposaini naye mkataba wa kumfikisha mwaka 2030. Najua fedha hizo ndizo zinazomkera mumeo. Lakini klabu haikulipia alichofanya akiwa na miaka 21. Imelipia miaka yake ya 23 hadi 27, ambayo kwa beki mrefu ndiyo miaka ya mavuno. Ukingoja mpaka aive ndipo umwendee, utamkuta ameshachukuliwa na klabu ya Melbourne au Sydney.

Na kuna lile goli la Agosti 2024 dhidi ya Essendon, alilolipiga baada ya king'ora cha mwisho na kuipa timu yake ushindi. Shemeji yako bila shaka analitaja kila wiki. Ni goli zuri, nililirukia kitini. Lakini halinithibitishii chochote juu ya ubeki wake, kama vile kosa moja la Jumamosi iliyopita lisivyothibitisha kinyume chake. Wote wawili nyumbani kwenu wanashikilia picha moja moja.

Sasa lile swali lako la mwisho, ambalo ndilo kubwa: mtu anajuaje kama kijana bado anakua?

Mimi huangalia makosa yake kuliko mazuri yake. Kijana aliyesimama hurudia kosa lilelile kwa namna ileile msimu hadi msimu. Kijana anayekua hukosea upya, kwa sababu kila akiliweza jambo anapewa gumu zaidi. Mwanzoni Mac Andrew alikuwa anasukumwa tu, anatolewa mahali pake kabla mpira haujafika. Siku hizi hilo limepungua sana. Linalomgharimu sasa ni uamuzi: kumwacha mtu mapema, au kutaka kudaka pale ambapo kupiga ngumi kungetosha. Hayo ni makosa ya mtu aliyekabidhiwa uhuru. Beki asiyeaminiwa hayafanyi, kwa sababu hathubutu kuondoka alipoambiwa asimame.

Angalia pia anaachiwa nani. Makocha huongea mengi kwenye vyombo vya habari, lakini upangaji wao hausemi uongo. Kama wiki hii kijana anapewa mshambuliaji wa tatu wa wapinzani, na baada ya miezi sita anapewa wa kwanza, wanaomwona kila siku mazoezini wameshatoa jibu. Na angalia dakika mbili baada ya kosa. Je, anauomba mpira? Anaelekeza wenzake kwa mkono, au amejificha nyuma ya mtu wake akiomba usije upande wake tena?

Hukumu yangu mwenyewe, uwapelekee wote wawili: Mac Andrew ni beki mzuri tayari, na nina imani atakuwa miongoni mwa mabeki bora wa ligi nzima. Shemeji yako amekaribia zaidi. Ila bado kuna jambo moja sijaliona, nalo ni kuachwa peke yake msimu mzima na mshambuliaji mkubwa kuliko wote wa kila timu, bila Collins kumpunguzia mzigo. Nampa mpaka akiwa na miaka 25. Akilifanya hilo, ubishi umekwisha. Asipolifanya, atabaki mkataji mzuri wa mipira, mchezaji ambaye kila timu ingependa kuwa naye, na mumeo atakuwa na haki ya kusema sifa zilizidi.

Sasa tumzungumzie mdogo wako.

Kuna kijana mmoja nilimfundisha, chini ya miaka 16, aliyerefuka sentimita kumi na moja kati ya msimu mmoja na mwingine. Alikuwa mdakaji wetu bora, akarudi hadaki kitu. Nilimtoa kwenye kikosi. Nilidhani namwamsha, kumbe nilikuwa namwadhibu kwa kukua. Hakurudi msimu uliofuata, na nilipokutana na mama yake akaniambia mtoto aliamini ameharibika. Nimelibeba hilo kwa miaka. Tangu siku ile kijana akirefuka ghafla, namchezesha zaidi, kwenye kazi rahisi, na namweleza waziwazi mbele ya wenzake kinachoendelea mwilini mwake.

Kwa hiyo, dada, mpime urefu mlangoni kila baada ya miezi mitatu, uandike tarehe. Kipindi anachorefuka kwa kasi, apunguze kuruka na kukimbia kwenye ardhi ngumu. Maumivu chini ya goti au kwenye mfupa wa muundi yasiyoisha kwa wiki mbili ni ya kumwonyesha daktari au mtaalamu wa viungo, si ya kufungiwa bandeji na kuambiwa avumilie. Usingizi wake usipungue muda wa saa tisa kila usiku. Ale kama mtu anayejenga ghorofa; ugali, maharage, mayai, maziwa, nyama mkiipata, na asiruke chakula cha asubuhi kwa sababu ya shule. Vyuma vizito visiwe na haraka. Ajifunze kwanza kuchuchumaa na kuinuka vizuri kwa uzito wa mwili wake, kusimama kwa mguu mmoja, kutua chini baada ya kuruka bila magoti kugongana. Kama anapenda kucheza kikapu wakati wa mapumziko ya msimu, mwache acheze. Macho na mikono ya mdakaji hufaidika sana na mchezo huo.

Mwambie pia amuulize kocha wake swali moja tu: "Msimu huu unataka nijifunze kazi ipi?" Kocha akiwa na jibu, hata kama jibu ni kukaa kikosi cha pili, mtoto yuko mahali pazuri. Kocha akibabaika, au kila wiki akija na jibu jipya, hapo ndipo pa kuanza kutafuta timu nyingine.

Na yale mabishano ya sebuleni. Sitakuambia uyazuie, mpira bila ubishi hauna ladha, na mumeo ana haki ya kulalamika timu anayoitazama ikifungwa. Lakini kuna namna ya kumsema mchezaji inayomwachia mtoto anayesikiliza pa kushika, na kuna namna isiyomwachia. "Leo amemwacha mtu wake mapema" ni habari, mtoto anaweza kuifanyia kazi kesho mazoezini. "Huyu hana kitu" ni hukumu, na mtoto wa sentimita 196 anayejikwaa kwenye miguu yake mwenyewe ataivaa. Ligi hii imeshaona watu wazima wakivunjwa na midomo ya watazamaji. Adam Goodes, mtu wa Brownlow mbili, alizomewa uwanja baada ya uwanja mpaka akaondoka kwenye mchezo mwaka 2015, na ligi ikaja kumwomba radhi mwaka 2019. Alikuwa na miaka 35 na heshima zote za nchi, na bado kelele hizo zilimfika. Mdogo wako ana 17.

Kitu kimoja cha mwisho mkifanye pamoja. Gold Coast huja kucheza Melbourne mara kadhaa kila msimu. Nendeni uwanjani nyote wanne, msiangalie kwenye televisheni, kwa sababu kamera hufuata mpira na kumwacha beki nje ya picha. Kaeni nyuma ya milingoti, viti vya juu. Robo ya kwanza mwambie mdogo wako asiutazame mpira hata mara moja, amtazame Mac Andrew peke yake: anasimama wapi mpira ukiwa upande wa pili, anageuza kichwa mara ngapi, anaanza kukimbia wakati gani. Robo ya pili mumeo naye afanye hivyohivyo. Wakati wa mapumziko, kabla ya chipsi na soda, kila mmoja aseme alichokiona, na mdogo wako aanze. Kisha uniandikie, ningependa sana kusikia alisema nini.